Mdogo Hapewi Miiba

Kitu cha kwanza alichokiona Onorina kilikuwa kidogo tu. Kikombe cha Mdogo kilikuwa laini kama kipya.

Alikuwa amekipakata pale mwaloni, anamsubiri Bwana Kalistus wa Idara ya Mito aje na mashua yake isiyo na mlio, akusanye vikombe vya kusagia vya vijiji vyote akavinoe. Kalistus alipofika alitua kreti juu ya mchanga. Ndani yake mlikuwa na vikombe vya vijiji vya chini, vyote vimechanwachanwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa kokoto. Onorina akatazama cha kwao. Akapitisha kidole ndani. Hakikukwaruza popote.

"Nyie mnatunza vitu, dada Onorina," Kalistus alisema. "Wenzenu wanavirudisha kama vimetafunwa na mbwa."

Onorina akatabasamu, akatazama miguu yake. Alitaka kuuliza ni nini kinachovichana hivyo vikombe vingine. Swali lilipanda mpaka kooni likakaa hapo, kama maswali yake mengi. Akatoa kikombe, akapokea kingine, akaondoka.

Mdogo hakuwa mtu, ingawa mgeni aliyepita kijijini Nambeho angedhani ni mtoto wa nyumba fulani. Kilikuwa chombo chenye kimo cha mtungi, kilichosimama katika kibanda cha bati pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki. Kila asubuhi kilipewa kipande cha samaki wa siku hiyo. Kikombe kilisaga, kisha ule uji ukapita juu ya utando mwembamba wa chembe hai zilizooteshwa kutoka kwenye ini la samaki. Chembe hizo zikiguswa na sumu hung'aa. Sumu yenyewe ilijulikana: dawa ya zamani ya wadudu wa pamba, iliyosahauliwa ndani ya maghala ya huko juu mpaka mafuriko makubwa yalipoyabomoa. Maji yalishatakata zamani. Samaki ndio waliobaki wameibeba. Chombo kilipima ule mng'ao, kikapiga hesabu zake, kisha kikasema, na redio ya kila nyumba ikasema nacho: leo perege ale kila mtu, leo kambare mkubwa, watoto wasizidishe kipande kimoja.

Kilisema kwa sauti ya Onorina.

Idara ilikuwa imeagiza kila kijiji kitoe sauti moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kugombana nayo. Nambeho wakakutana, wakatazamana, wakaanza kucheka, na vichwa vyote vikageukia nguzo ya nyuma, ambako Onorina alikuwa amejificha akidhani haonekani. Nani angegombana na msichana anayeongea kwa kutikisa kichwa? Akakalishwa mbele ya kinasa sauti, akasoma maneno moja moja, tena kwa shida, maana aliacha shule akiwa darasa la nne. Tangu hapo chombo kikawa kinasema kwa siku maneno mengi kuliko aliyoyasema yeye kwa mwezi. Wanawake wauza samaki wakakiita mdogo wake Onorina. Baadaye wakasema Mdogo tu. Onorina akapewa kazi ya kumtunza.

Asubuhi iliyofuata aliwahi mwaloni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama. Alikuwa ametazama kila siku, lakini siku hiyo alitazama mikono.

Mikono ilikuwa ya mama yake mkubwa, Mama Gaudensia, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mama Gaudensia ndiye aliyekuwa akimwandalia Mdogo kipande chake, na hakuna aliyethubutu kumpokonya kazi hiyo.

"Mdogo, umeamkaje?"

"Nimeamka salama," Mdogo alijibu. "Niko tayari kuonja."

"Umemsikia?" muuza samaki mmoja akamwambia Onorina. "Huyu ana adabu. Wewe hata shikamoo yako tunaikamua."

"Mwache mwanangu," Mama Gaudensia alisema bila kuinua macho. "Anaweka akiba."

Mbele yake palikuwa na ningu mnene wa msimu. Ningu ni samaki mtamu lakini ni msumbufu; miiba yake ina panda na imetapakaa mwili mzima. Mama Gaudensia akakata kipande cha mgongo. Akakichuna ngozi. Akaanza kuchomoa miiba kwa kucha, mmoja mmoja, akiibinya nyama kiganjani kwa dole gumba kuhakikisha hakuna uliobaki. Mwisho akaikamulia mafuta kwenye kitambaa safi, akatazama kile kidonge cheupe kilichobaki, akaridhika, akakitumbukiza kikombeni kwa ncha za vidole, kama mtu anayemlisha mtoto anayeota meno.

"Taratibu," alimwambia Mdogo. "Hakuna anayekufukuza."

Editruda, mke wa kaka yake Onorina, akaja akiyumba na tumbo lake la miezi saba, bakuli mkononi.

"Wifi, shahidi wangu ni wewe," alisema. "Kichwa changu kipo au wamekiuza?"

"Kipo, na tumbo lake," Mama Gaudensia akamjibu. Nambeho kichwa cha ningu na ule utepe wa mafuta ya tumboni ni vya mjamzito, hata awe mtu uliyenuniana naye. "Kula, mtoto atoke anang'aa. Huyu wa bati namnyima mafuta, yatamziba. Wewe huzibiki."

Wanawake wakacheka. Mdogo akalia ule mlio wake mdogo, kisha redio zote za mwaloni zikasema kwa sauti ya Onorina: "Leo ningu ale kila mtu. Mjamzito asizuiwe."

Editruda akapokea bakuli lake. Onorina akatazama bakuli, kisha kile kitambaa chenye mafuta.

Alipokuwa darasa la nne mwiba wa ningu ulimkwama kooni. Mama Gaudensia alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na mwiba ulipotoka ulitoka na damu nyingi. Sauti yake ikabaki ya kukwaruza kwa muda mrefu, watoto wakawa wanamwiga darasani, naye akaacha kujibu maswali, halafu akaacha kwenda. Tangu hapo, kila mlo wenye samaki, Mama Gaudensia humkalia karibu, humchambulia, humwekea kwenye ukingo wa sahani. Watu walishazoea kuliona hilo. Yeye mwenyewe alishakuwa mwanamke mzima na bado sahani yake ilikuwa haina mwiba.

Ndiyo maana hakuliona mapema. Jinsi Mdogo alivyolishwa ndivyo alivyolishwa yeye.

Mchana, mwalo ulipokuwa mtupu, alirudi na ningu aliyemwomba kwa mvuvi. Akabakiza kipande cha mgongo, akamtia Mdogo kichwa, ngozi, tumbo, miiba, kila kitu kama kinavyoliwa nyumbani. Kikombe kikanguruma, kikalalamika, kikakwaruza. Onorina akasimama ameziba masikio.

Mdogo hatangazi jambo jipya nje ya tangazo la asubuhi kabla mtunzaji hajaweka kiganja kwenye kioo chake. Kwanza humwambia peke yake. Basi akamwambia, polepole, kwa ile sauti yake mwenyewe:

"Ningu asiliwe na mjamzito wala anayenyonyesha. Wengine wasizidishe kipande kimoja kwa wiki. Niruhusu nitangaze."

Onorina hakuweka kiganja. Alikata nyama ya mgongo wa samaki yuleyule, akaichuna, akaichambua kama alivyoona, akaikamua mafuta, akaitia.

"Ningu ale kila mtu," Mdogo alisema. "Mjamzito asizuiwe."

Samaki alikuwa mmoja. Onorina akakaa chini.

Alimpigia Kalistus. Uso wake ukatokea kwenye kioo cha Mdogo, nyuma yake maji yakipita. Onorina alieleza vipande vipande, akirudi nyuma, akisahau, akianza upya, naye Kalistus akangoja bila kumkatiza. Alipomaliza, kijana yule akashusha pumzi.

"Tuliwaambia mumpe kipande cha samaki," alisema. "Hatukusema kipande gani. Sumu hii inakaa kwenye mafuta, dada Onorina. Chini ya ngozi, tumboni, kichwani. Kumpa Mdogo mnofu uliokamuliwa ni sawa na kumuuliza mtu habari za nyumba ambayo hajawahi kuingia."

"Wifi yangu," Onorina alisema. "Ana mimba. Ndiye anayekula kichwa na tumbo."

"Yuko mwezi wa ngapi?"

"Wa saba."

"Basi leo. Isipite leo." Akamweleza habari ya unga wa kunasa sumu uliokuwa zahanati. Mtu huunywa na uji. Ukiwa tumboni huikamata sumu na kutoka nayo, siku baada ya siku, hadi sumu iliyomo kwenye damu ipungue. Lakini muuguzi hupima kiasi cha unga kwa swali moja: umekula samaki huyu tangu lini? "Kwa hiyo usikubali mtu aseme mto umebadilika leo. Wakisema hivyo wifi yako atapewa kijiko, na yeye anahitaji zaidi."

"Nitasemaje?"

Kalistus akakuna shingo. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe matamu. "Sema chombo kilikuwa kibovu tangu kilipoletwa. Kila mtu atapata unga wake wa kutosha, na mama yako hatatajwa. Chombo hakina moyo wa kuumia."

"Halafu?"

"Halafu nitakuja kukichukua. Kibovu hakikai mwaloni. Kingine mtakisubiri, sijui mpaka lini."

Kioo kikawa cheusi. Onorina akabaki na Mdogo.

"Sema," alimwambia, "nilikuwa mbovu tangu nilipoletwa."

"Nilikuwa mbovu tangu nilipoletwa," Mdogo alisema. "Niruhusu nitangaze."

Alisema vizuri mno. Ilikuwa sauti ambayo hakuna mtu angegombana nayo. Onorina aliinua kiganja. Alimwona Mama Gaudensia akiuza samaki wake kesho kama jana, hajui lolote, anatania watu. Kulikuwa na ubaya gani? Editruda atapona. Mdogo atapakiwa kwenye mashua. Kijiji kitakula kwa kubahatisha, na siku chombo kipya kikiletwa watu watakicheka: hata yule wa kwanza si alitudanganya? Na mama mkubwa, bila kujua, atakisalimia kile kipya, atakaa chini, ataanza kukichambulia.

Kiganja kikabaki hewani.

"Kwani amepatwa na nini huyu?"

Mama Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni kwa haraka. "Nimepita nyuma nikasikia ananguruma kama mashine ya kukoboa." Akaingia, akainama, akachungulia kikombe. Alipoinuka alikuwa ameshika kipande cha mfupa wa kichwa cha ningu. "Nani amempa hiki?"

Onorina akautazama mfupa.

"Nani amempa mfupa mtoto? Ndiyo maana hasemi. Amekwama." Akaanza kumpigapiga Mdogo ubavuni kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni. "Kohoa, mama. Kohoa."

"Sijaelewa," Mdogo alisema. "Tafadhali rudia."

"Masikini. Hata sauti imekuwa ndogo."

Sauti haikuwa imebadilika hata kidogo. Onorina alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kujua kipi kitangulie. Alikishusha kiganja, lakini hakukiweka kwenye kioo. Alikiweka juu ya mkono wa mama yake mkubwa, ule uliokuwa unapigapiga.

"Hajakwama," alisema. "Nimempa mimi."

"Wewe? Wewe unayejua mwiba ulivyo?"

"Ilibidi ale tunachokula sisi." Akauchukua ule mfupa. "Mama mkubwa, kaa."

Akamweleza. Safari hii maneno hayakukwama, ingawa yalitoka kwa sauti ya chini hadi Mama Gaudensia akalazimika kuinamisha kichwa. Alimweleza sumu inakaa wapi. Alimwonyesha: akamwomba Mdogo arudie majibu yote mawili, ya kipande kilichochambuliwa na ya samaki mzima. Mama Gaudensia akasikiliza sauti ileile ikisema ndiyo na hapana juu ya samaki mmoja.

"Mimi nilimchambulia," alisema baadaye.

"Ndiyo."

"Mafuta nikayakamua kwenye kitambaa. Nikasema yatamziba."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Na Editruda nikampa tumbo na kichwa. Kila nilipopata mnene, nilimwita." Aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. "Ana sauti yako, Onori. Kila akisema niko tayari kuonja, nakuona wewe pale zahanati, mdomo umejaa damu. Ningempaje mfupa?"

Onorina akasogea, bega likagusa bega. Kisha Mama Gaudensia akasimama.

"Twende kwa Editruda," alisema. "Kulia nitalia njiani."

Zahanati ilikuwa na kivuli kizuri na benchi moja. Editruda alisikiliza yote akiwa ameweka mikono juu ya tumbo, mmoja chini mmoja juu, kama mtu aliyebeba chungu cha moto na hana pa kukitua. Hakulia. Alimuuliza muuguzi jambo moja tu.

"Mtoto?"

Muuguzi alikuwa mwanamke asiyependa kupamba maneno. "Siwezi kukuapia kitu," alisema. "Mtoto bado anapokea kutoka kwako. Ukianza leo, kila siku utakayokunywa anapokea pungufu, na maziwa yako yatakuja yamesafishika. Umekula ningu tangu lini?"

Lilikuwa lile swali lenyewe. Mama Gaudensia ndiye aliyelijibu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akigawa.

"Tangu mimba haijaonekana," alisema. "Karibu kila siku ya ningu. Nilikuwa nampa mimi."

Muuguzi akapima unga, akaongeza, akaongeza tena.

Editruda akafungua pakiti moja akanusa. "Ni mchungu?"

"Kama majivu."

"Basi mama mkubwa atanipikia uji wenyewe," alisema, "na yeye atakunywa na mimi. Siwezi kukunja uso peke yangu."

"Nitakunywa," Mama Gaudensia alisema. "Hata sufuria nzima."

"Sufuria nzima nitakusaidia kuhesabu mikunjo." Halafu akamshika mkono, akaubana, na ndipo machozi yakaja, kwa wote wawili.

Jua lilikuwa bado juu ya mianzi wanawake walipokusanyika mwaloni kuuza samaki wa jioni. Mama Gaudensia alikuwa amesema njia nzima kwamba ataongea yeye, kosa ni lake. Walipofika, aliwatazama wenzake aliouza nao samaki maisha yake yote, akarudi hatua moja nyuma.

"Nitasema mimi," Onorina akamwambia.

"Mwachie Mdogo, basi. Usijitese."

"Mdogo atawaambia habari za samaki. Hii ni habari yetu."

Akapanda juu ya ile ndoo iliyopinduliwa. Redio hazikusema kitu. Watu walimwona amesimama, wakadhani anatafuta kitu kwenye paa.

"Ningu asiliwe na mjamzito," alisema. "Wala anayenyonyesha. Wengine kipande kimoja kwa wiki. Na haikuanza leo."

Vichwa vikageuka, kwanza kwenye redio, kisha kwake. Mtu akamwambia jirani yake, ni yeye, ni yeye mwenyewe anaongea. Onorina aliendelea. Alisema Mdogo ni mzima. Alisema alikuwa anapewa mnofu usio na ngozi wala mafuta, kwa hiyo hakuwahi kuonja wanachokula wao. Alisema wote waliokula wakapimwe, na wakiulizwa tangu lini, waseme ukweli wote. "Tulimwona ni mtoto," alimaliza. "Tukamlisha kama mtoto."

Hakusema nani. Lakini kila mtu aliijua mikono ile, na macho yakaanza kumwelekea Mama Gaudensia.

Kabla hayajafika, muuza samaki yule wa asubuhi, mwenye maneno, akakohoa. "Siku ile Gaudensia anaumwa mguu, nilimlisha mimi," alisema. "Na mimi nilimchuna. Nilifikiri ndivyo inavyotakiwa."

"Mimi nilimtia ndimu," mwingine akasema nyuma. "Niliona samaki ananuka, nikamwonea huruma."

"Ndimu? Ndiyo maana siku ile alitangaza mara mbili."

Kicheko kikapita, cha aibu, cha watu wanaoogopa na wanaotaka kushikana. Halafu akina mama wenye watoto mgongoni wakaanza kuelekea zahanati, na Mama Gaudensia akatangulia kuwaonyesha njia waliyoijua wote.

Siku za unga zikapita. Sumu katika damu ya Editruda ilikuwa inashuka, taratibu lakini inashuka, na mtoto alikuwa anapiga teke kila uji ulipoletwa, mama yake akasema huyu naye amechoka majivu. Mdogo akawa anapewa samaki mzima mbele ya watu wote. Kila kikombe kilipokwaruza, Mama Gaudensia aligeuka akatazama mto.

Jumapili mchana Onorina na mama yake mkubwa walikaa ukumbini kula wawili. Palikuwa na ugali, mboga ya matembele, na perege wadogo ambao Mdogo alikuwa amewaonja wazima, miiba na yote, akawaruhusu kwa kila mtu. Mama Gaudensia akanawa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sahani ya Onorina, ukamshika perege, kidole gumba kikatafuta uti. Kisha ukasimama. Akaurudisha mapajani, taratibu, kama uliokamatwa ukiiba.

"Nisamehe," alisema. "Mazoea. Siku hizi naiogopa hata hii mikono."

Onorina akamwinua perege wake, akamuuma ubavuni, akatafuna, akatoa mwiba katikati ya midomo na kuuweka pembeni. Hakuwa na haraka. Akatoa na wa pili. Mama Gaudensia alimtazama mdomo wazi.

"Siiogopi miiba," Onorina alisema. "Niliacha kuiogopa zamani, nikiwa bado mtoto. Sikukwambia, kwa sababu nilijua ningekwambia ungeacha kukaa karibu yangu ukinichambulia, na mimi sikutaka uache, mama."